Majilio: Kungoja Huku Njia Ikitengenezwa

Waumini wengi wakiulizwa Majilio ni nini, hujibu upesi: ni wiki nne za kujiandaa kwa Noeli. Jibu hilo linashika sehemu ya mwisho ya kipindi na kuiacha ile ya kwanza. Jumapili ya kwanza ya Majilio haitaji hori, wachungaji wala nyota. Injili yake inahusu Bwana atakayerudi. Katika mwaka B wa liturujia husomwa mfano ulio katika Marko sura ya 13: mwenye nyumba anasafiri, anampa kila mtumishi kazi yake, na bawabu anaagizwa akeshe. Katika nyumba ile hakuna aliyeambiwa akae mikono mitupu. Kanisa linafungua mwaka wake kwa mfano huo ili tujue mapema kwamba kungoja ni kazi.

Kwa watu wa Kasugho na wa wilaya nzima ya Lubero, ambao wameingoja amani tangu vita vya 1996, fundisho hilo haliishii mlangoni mwa kanisa.

Tuanze na kalenda. Majilio yana Jumapili 4, na ya kwanza ni ile iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba. Hivyo hayaanzi kabla ya 27 Novemba wala baada ya 3 Desemba, na urefu wake hubadilika: mwaka 2022 yalichukua siku 28, mwaka 2023 siku 22 tu, kwa kuwa Jumapili ya nne iliangukia 24 Desemba. Ndani yake mna sehemu mbili. Hadi 16 Desemba, sala na masomo yanaelekea zaidi ujio wa Kristo mwisho wa nyakati. Kuanzia 17 Desemba, Kanisa linageukia kuzaliwa kwake, na antifona saba za Masifu ya Jioni, moja kila siku hadi tarehe 23, zinamwita kwa majina ya kinabii: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mawio, Mfalme wa Mataifa, Emanueli.

Kipindi hiki kilianza kama mfungo. Huko Galia, yaani Ufaransa ya leo, Askofu Perpetuo wa Tours aliagiza katika karne ya 5 watu wafunge siku tatu kwa wiki kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba, hadi Noeli. Liturujia ya Roma ilitulia kwenye Jumapili nne; Milano, wanaofuata liturujia ya Mtakatifu Ambrosi, wana wiki sita hadi leo. Waorthodoksi hufunga siku 40 kuanzia 15 Novemba, na Wakristo wa Ethiopia wana mfungo wao wa Manabii unaowafikisha Noeli ya 7 Januari.

Alama za mfungo huo bado zinaonekana altareni. Padri huvaa zambarau, na Jumapili ya tatu anaweza kuvaa waridi, kwa sababu furaha imekaribia. Wimbo wa Utukufu hauimbwi Jumapili za Majilio. Unangoja usiku wa Noeli, kwa kuwa ni wimbo wa malaika wa usiku ule. Lakini Aleluya inabaki, na hapo ndipo Majilio yanapotofautiana na Kwaresima: tunatubu tukiwa na matumaini yaliyo wazi. Shada la mishumaa lilikuja baadaye sana. Lilianzishwa mwaka 1839 na Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri, kwa ajili ya watoto maskini aliowalea Hamburg, Ujerumani. Parokia ya kijijini isiyo na shada haijapungukiwa chochote cha msingi.

Kongo ina hazina yake. Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, imehamisha tendo la toba na kuliweka baada ya mahubiri, nalo linafuatwa na kupeana amani. Fikiri maana yake Jumapili ya pili ya Majilio. Yohane Mbatizaji anahubiri toba katika Injili, padri anafafanua, ndipo waumini wanatubu, kisha wanapeana mikono. Neno linatangulia, toba inalijibu, na amani inazaliwa kwa toba. Nayo sikukuu ya Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, inaangukia mlangoni mwa Majilio, au ndani yake kabisa. Bikira huyu wa Wamba anatufundisha kukesha kuliko shada lolote.

Ila hakuna aliyetufafanulia Majilio kwa gharama kubwa kama Emmanuel Kataliko. Aliongoza jimbo letu la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, alipopelekwa kuwa askofu mkuu wa Bukavu, mahali pa Christophe Munzihirwa aliyeuawa Oktoba 1996. Tarehe 5 Desemba 1999, Jumapili ya pili ya Majilio ya mwaka B, makanisani ilisomwa Isaya sura ya 40: Mungu anaagiza watu wake wafarijiwe, na sauti inataka njia inyoshwe, mabonde yajazwe, milima ishushwe. Tarehe 24 Desemba, siku ya mwisho ya Majilio, Kataliko alitoa ujumbe wake wa Noeli kwa kutumia sura hiyohiyo. Aliwafariji watu wake, na hakuishia hapo. Alisema wazi kwamba madola ya nje, yakisaidiwa na baadhi ya ndugu Wakongo, yanaendesha vita kwa mali ya nchi yetu.

Waasi wa RCD waliotawala Bukavu hawakuvumilia. Tarehe 12 Februari 2000 walimzuia kurudi kwenye kiti chake na kumfukuzia Butembo. Alikaa huko miezi saba, akarudi Bukavu tarehe 14 Septemba, na tarehe 4 Oktoba alifariki akiwa Roma. Hakubuni mafundisho mapya. Aliyachukua maneno ya nabii jinsi yalivyo: huwezi kumfariji mtu na kunyamaza juu ya kinachomliza.

Tangu hapo jimbo letu la Butembo-Beni limejifunza namna nyingine ya kungoja. Tarehe 19 Oktoba 2012, mapadri watatu Waasumpsionisti walitekwa parokiani Mbau, kaskazini mwa Beni, wala hawajarudi. Jamaa nyingi za Beni na Lubero zina mtu wa namna hiyo. Mhubiri asiwaambie kwamba kila anayengojwa atarudi kabla ya Noeli. Imani ya Majilio ni kwamba Bwana anakuja kuhukumu kwa haki, na kwamba hakuna jina lililosahaulika mbele yake. Kwa hiyo yatajwe majina hayo katika maombi ya waumini, kila Jumapili kati ya hizo nne.

Na kila shirika lijipe kazi inayopimika. Mashamba yanagombaniwa; jamaa mbili zilizokosana juu ya mpaka zinaweza kupatanishwa kabla ya tarehe 25. Waliokimbia vita wako majumbani mwetu. Mafungu ya unga na maharage yanaweza kukusanywa kwa wiki nne badala ya siku moja. Kitubio kisingoje foleni ya mkesha.

Mwaka B unaanza tena tarehe 29 Novemba 2026, na Isaya 40 itasomwa Jumapili ya 6 Desemba. Msomaji wa siku hiyo ajue kwamba maneno yale yalimgharimu askofu wetu kiti chake kwa miezi saba. Ayasome taratibu, yasikike hadi benchi la nyuma, na wiki hiyohiyo shirika lichague ugomvi mmoja wa kuumaliza.