Bakapu ya baiti 20

Zahanati ya Mkalama au Ikungi ikishajumlisha wagonjwa wa nje kutoka kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, takwimu hizo huishia kwenye DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuujenga hapa nchini. Muuguzi haoni kwamba chini yake ipo kanzidata ya PostgreSQL, wala kwamba mfumo wote hauwaki bila faili moja dogo la maandishi, dhis.conf, lenye anwani ya kanzidata, jina la mtumiaji na nenosiri.

Programu haisaki faili hilo seva nzima. Hutazama kama imetajiwa kigezo cha mazingira DHIS2_HOME. Isipotajiwa, huangalia /opt/dhis2. Ikikosa hapo, haiendelei.

Programu za mteja, zile zinazozungumza na kanzidata kutoka nje, zina desturi nyingine. Kwenye Linux, pg_dump, programu ya bakapu ya PostgreSQL, husoma nenosiri kwenye faili .pgpass katika saraka ya nyumbani ya mtumiaji anayeiendesha, isipokuwa PGPASSFILE imeelekeza kwingine. Na faili hilo likiwa linasomeka na watu wengine, hupuuzwa hata kama nenosiri ni sahihi.

Bakapu za usiku huharibikia hapo. Tuseme fundi wa TEHAMA wa hospitali moja Manyoni, yenye seva yake ya kumbukumbu za wagonjwa, anajaribu skripti ya bakapu mchana na inakubali. Anaikabidhi kwa cron, kipanga-ratiba cha Linux, iiendeshe saa nane usiku kwa jina la mtumiaji mwingine. Saraka ya nyumbani imebadilika, .pgpass haionekani, na hakuna mtu wa kuandika nenosiri. Asubuhi faili la bakapu lipo na tarehe yake ni sahihi, ila lina baiti 20 tu: pg_dump haikutoa kitu, gzip ikabana utupu. Anayetazama majina ya mafaili peke yake ataridhika mpaka siku diski itakapokufa.

Kishawishi ni kubandika nenosiri ndani ya skripti. Kwangu hilo ni baya zaidi, maana skripti hunakiliwa na kutumwa WhatsApp, na nyuma ya nenosiri hilo yapo majibu ya vipimo vya VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haimwachi nje mtunza seva. Afadhali skripti itaje PGPASSFILE kwa njia kamili, ipime ukubwa wa bakapu, na ipige kelele ikiwa ndogo mno. Kuhusu usanidi wa seva yenyewe ya PostgreSQL, hakuna haja ya kubahatisha: amri ya SHOW config_file, ikitolewa na mwenye mamlaka, hutaja faili linalosomwa na mahali lilipo.