Binti Anataka Kulenga Shabaha



Asumbi ni jina ambalo wengi wetu wa pwani hulisikia pale matokeo ya mitihani yanapotangazwa, kwa ajili ya shule yake ya wasichana. Ni mahali penye misheni kongwe ya Wakatoliki na chuo cha walimu, kando ya barabara itokayo Rongo kwenda Homa Bay, pale kaunti ya Migori inapokaribiana na ya Homa Bay. Waislamu huko ni wachache. Tulifika wakati wa likizo ya Agosti kumzuru jamaa yetu, mzaliwa wa Mombasa, ambaye ana duka la nguo Rongo na anaishi Asumbi na ahali zake. Majirani Wajaluo walitupokea kwa ukarimu ambao tungependa kuuona zaidi hapa kwetu.

Usiku wa pili, baada ya Isha, mama wa nyumba alituletea chai ya tangawizi na kesi pamoja. "Sheikh," alisema, "nihukumie baina yangu na huyu mwanangu."

Mwanawe ni mwalimu wa shule ya msingi, binti mwenye miaka 24, mtulivu na msomaji. Mjomba wake wa Nairobi anamiliki bastola na bunduki kwa cheti cha serikali, naye ni mwanachama wa klabu ya walenga shabaha. Klabu hiyo iliandaa mashindano madogo ya bunduki na bastola, yenye nafasi kwa wanaoanza, naye akamtaka binti aingie. Binti alikuwa amekwisha kukubali moyoni. Mama alikataa katakata, na sababu yake haikuwa ile tuliyoidhani. Hakusema kuwa ni mambo ya wanaume wala kwamba watu watasema. Alisema kuwa alipokuwa mdogo ndugu yake alipigwa risasi nyumbani kwa jirani, na kijana aliyekuwa akiwaonyesha wenziwe bunduki aliyodai kuwa ni tupu. Ndugu huyo alizikwa siku ile ile kabla ya Magharibi.

Tulinyamaza kitambo. Kisha tukaomba mambo mawili yatenganishwe: hukumu ya dini, na hofu ya mama.

Kuhusu hukumu, jambo liko wazi. Katika Suratul Anfal, aya ya 60, tumeamrishwa kuandaa nguvu tuwezazo, na katika Sahihi Muslim, Uqba bin Amir (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) aliifasiri nguvu hiyo juu ya mimbari kuwa ni kulenga shabaha, akalikariri neno hilo mara tatu. Al-Bukhari naye amepokea kwa Salama bin Al-Akwa (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawahimiza, na akajiunga na upande mmoja, wa upande wa pili wakaona vigumu kutupa mishale dhidi yake, mpaka alipowaambia kuwa yu pamoja nao wote. Wanazuoni wengi wameipitisha hukumu ya mshale kwenye bunduki, kwa kuwa maana ni moja. Wala mwanamke hakufungiwa mlango huu, maadamu anachunga sitara yake na safari yake.

Lakini twaona kuwa wengi wa wanaopenda kuzisoma hadithi hizi huishia hapo, na hapo ndipo penye kosa. Mtume huyo huyo (S.A.W.) aliyehimiza kulenga ndiye aliyemkataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata kwa mzaha, kwa kuwa huenda Shetani akautikisa mkono wake akajikuta motoni. Alimwamuru mtu aliyepita msikitini na mishale aishike kwenye ncha zake ili asimchome yeyote. Alikataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala. Na alikataza kitu chenye roho kufanywa shabaha. Mafundisho haya yalikuja kabla ya baruti kufika kwetu, na mtu akienda leo kwenye uwanja wowote wa shabaha duniani atakuta yameandikwa ukutani kwa maneno mengine: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi; mdomo wake usielekezwe usipotaka kupiga; kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka macho yawe juu ya shabaha; na ujue kilicho nyuma ya shabaha yako. Silaha hukabidhiwa ikiwa wazi na tupu, mpokeaji naye akaikagua upya mbele ya mkabidhi, na hapana anayeudhika.

Kijana yule wa jirani angeijua kanuni moja tu kati ya hizi, mama yule angekuwa na ndugu yake hadi leo. Tulimwambia hivyo, tukamwambia pia kuwa hofu yake hatuihesabu udhaifu wa imani. Tungefurahi kila anayeshika bunduki aanze na hofu kama ile.

Kisha tukamgeukia binti, maana kuruhusiwa ni jambo moja na kujiandaa ni jingine.

La kwanza ni sheria ya nchi. Nchini Kenya silaha zinasimamiwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na vyeti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti cha mjomba ni cha mjomba peke yake. Hawezi kumwazima mpwa wake bastola akae nayo Asumbi kwa mazoezi, wala binti hawezi kuibeba kwenye mkoba kwa kuwa wao ni damu moja. Mgeni wa mchezo huu hushika silaha uwanjani tu, chini ya msimamizi, kwa namna ambayo sheria na kibali cha klabu vinaruhusu, na hilo aliulize mapema kwa maandishi. Hata bunduki ya upepo asiifanye mchezo wa kuchezea uani kabla ya kuuliza.

Basi afanye nini huko Asumbi kusikokuwa na bunduki wala uwanja? Mengi sana, na kwa maoni yetu yaliyo bora. Bastola ya upepo ya mashindano huwa na uzito wa kama kilo moja, na kanuni za kimataifa haziruhusu ipite gramu 1,500. Chupa ya maji ya lita moja yatosha. Asimame, miguu ikiwa na upana wa mabega, aunyoshe mkono mmoja na chupa, macho kwenye nukta aliyoichora ukutani. Avute pumzi, aitoe nusu, aizuie kidogo, ahesabu hadi nane, kisha aushushe mkono na kupumzika. Siku ya kwanza mkono utatetemeka kama jani la mnazi. Baada ya wiki tatu utatetemeka kidogo. Hapana ambaye mkono wake hautetemeki kabisa, hata mabingwa. Ufundi ni kubinya kifyatulio polepole ilhali mkono unayumba, bila kuvizia sekunde ya kupatia. Anayevizia huchomoka kwa pupa, na risasi huenda chini.

Ajue pia jicho lake lenye nguvu. Afanye pete kwa kidole gumba na cha shahada, anyoshe mkono, akitazame kitu cha mbali ndani ya pete kwa macho yote mawili, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho ambalo kitu hakikuihama pete ndilo la kulengea. Na uwanjani asiitazame shabaha kwa makini. Hili huwashangaza wanaoanza. Kilengeo cha mbele ya mtutu ndicho kionekane wazi kabisa, na shabaha iwe na ukungu kidogo, kwani jicho la mwanadamu haliwezi kuyaona ya karibu na ya mbali kwa ukali mmoja.

Katika mchezo wa Olimpiki wa bunduki ya upepo, mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, na kitovu chenye alama kumi kina upana wa nusu milimita tu, mithili ya kitone cha kalamu. Mashuti ni 60 kwa dakika 75, yaani dakika moja na robo kwa kila shuti. Hivyo sehemu kubwa ya mchezo wenyewe ni kungoja, kupumua na kuamua kutopiga. Anayeanza asiingie kutafuta kikombe. Aingie akitaka kumaliza bila kuonywa kwa kosa lolote la usalama. Na akisikia "simama", kutoka kwa msimamizi au kwa mtu yeyote aliyeiona hatari, aondoe kidole, aelekeze mtutu mbele, atulie.

Kuhusu mavazi, sitara haina mgongano na mchezo huu. Bastola ya risasi hutema maganda ya moto upande wa kulia, na mlengaji mwenye kola wazi huungua shingoni akaruka na silaha mkononi. Mtandio uliofungwa vizuri ni kinga. Vizibo vya masikio vivaliwe ndani, chini ya mtandio, na vifuniko vikubwa juu yake, kwa sababu kitambaa peke yake huacha mwanya wa sauti. Miwani ya kinga ni lazima. Buibui refu linaloburura lisivaliwe. Kanzu isiyozidi kifundo na suruali pana chini yake yatosha.

Na hapa tuna neno kwa kina mama hasa. Risasi nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha watahadhari na viwanja vya silaha za moto, khususan vilivyofungwa, kwani sumu hiyo humfikia mtoto. Wengine wote wasile uwanjani, waoshe mikono na uso kwa maji baridi na sabuni, na wabadilishe nguo kabla ya kuwabeba watoto. Twajua kuwa mwaka 2012, Nur Suryani Taibi wa Malaysia alishindana London kwa bunduki ya upepo akiwa na mimba ya miezi minane, tena ndani ya mwezi wa Ramadhani, na dunia ikamstaajabia. Sisi pia twamstaajabia, ila hatumshauri mtu kumfuata kabla ya kumwona daktari. Jamaa zetu wa Muscat nao wamkumbuka Wadha Al Balushi, aliyeiwakilisha Oman kwa bastola ya upepo kule Rio mwaka 2016. Na kwa anayedhani umri umempita, Yusuf Dikeç wa Uturuki alitwaa medali ya fedha Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 51, pamoja na Şevval İlayda Tarhan katika bastola ya upepo ya mchanganyiko.

Lilibaki suala la pesa, na hili ndilo ambalo watu huja kuuliza wakiwa wamechelewa. Ada ya kuingia ikiwa ni gharama ya uwanja, shabaha na risasi, ni ujira wa halali. Zawadi ikitolewa na mfadhili asiyeshindana, hapana ubaya. Lakini washiriki wote wakichanga, na mshindi akabeba mchango wa wenziwe, hiyo ni kamari. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi haisalimiki ila akiingizwa mshindani aliye sawa nao kwa uwezo, ambaye akishinda atachukua na akishindwa hatatoa kitu. Binti aliandika swali hilo kwenye simu yake ampelekee mjomba. Tuliongeza na jingine: shabaha za bastola za baadhi ya mashindano hukatwa kwa umbo la mwili wa mtu. Hatusemi ni haramu ikiwa hazina sura, ila tungependelea amwombe msimamizi wapige ile ya duara. Safari, kwa kuwa ni zaidi ya kilomita 300 kufika Nairobi, asafiri na kaka yake, na Adhuhuri na Alasiri wana ruhusa ya kuzikusanya na kuzipunguza.

Mama alikuwa kimya muda wote huo. Mwishowe tukampigia simu mjomba, simu ikawekwa sauti ya juu juu ya meza. Alitusalimu, akajibu suala la ada: ni ya risasi na uwanja, na zawadi ni za mfadhili. Kisha dada yake akamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya ugomvi, ilikuwaje yeye miongoni mwa watu wote akapenda bunduki.

Alikawia kujibu. Halafu akasema kuwa siku ile kwa jirani alikuwamo chumbani, ana miaka saba, amesimama nyuma ya mlango. Dada yake hakuwa akilijua hilo. Alisema kuwa hadi leo, kabla ya kuiweka bastola mezani, hutazama ndani mara mbili, kisha hutia kidole akapapasa, kwa sababu macho humdanganya mtu. Wenziwe wa klabu humcheka.

Mama aliondoka akaenda jikoni. Tulisikia maji yakimiminwa, na sisi hatukumfuata. Aliporudi alikuwa na birika jingine la chai, na macho mekundu. Alimwambia nduguye kupitia simu ile kuwa binti hatakwenda na kaka yake peke yake. Yeye mwenyewe atakuja, atakaa nyuma ya mstari, na kabla mwanawe hajashika kitu ataletewa aone kuwa ni tupu.

"Utapapasa mwenyewe," alisema mjomba.

Asubuhi, tulipokuwa tukiaga, tulimkuta binti barazani amenyosha mkono na chupa ya maji, na mamake ameketi kando yake na tasbihi, akimhesabia pumzi.