Neno Lipo, Mashine Yasema Halipo

Siku hizi shule nyingi zina tovuti, na ndani yake huwekwa majina ya wanafunzi wa zamani na magazeti ya miaka iliyopita. Juu ya ukurasa pana kisanduku cha kutafutia: mtu huandika jina, akabonyeza, na mara huletewa kurasa zenye jina hilo. Lakini pengine tovuti ikihamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, kisanduku hujibu kwamba hakuna kilichopatikana. Mzee aliyemaliza masomo zamani hulikosa jina lake, akadhani shule imemsahau. Na lililo baya zaidi, msimamizi huweza kuamini kwamba kumbukumbu zimepotea, akafuta zilizopo ili aanze upya. Kumbe hakuna kilichopotea ila njia.

Yafaa tujue kwanza kazi hii hufanywaje. Programu ya kutafuta, kwa kawaida, haisomi kurasa zote kila inapoulizwa. Husoma faharasa iliyotengenezwa mapema, mfano wa ile iliyo mwisho wa kitabu. Faharasa hiyo ni faili iliyowekwa mahali fulani katika seva, na mahali hapo huandikwa katika faili ya mipangilio. Maandishi hayo yakiwa na kosa, programu hubisha hodi kwenye nyumba isiyokuwapo. Programu iliyotungwa vizuri husema wazi kuwa imekosa faharasa. Iliyotungwa vibaya husema tu kwamba neno halipo.

Makosa ya njia yaonekanayo mara kwa mara ni manne.

Kwanza, njia ya kompyuta ya zamani kubaki katika mipangilio. Kompyuta ya Windows huanza njia kwa herufi ya diski, kama C:, lakini seva ya Linux haina desturi hiyo. Njia zake kamili huanzia kwenye mkwaju mmoja, /.

Pili, herufi kubwa na ndogo. Kwa Windows, Faharasa na faharasa kwa kawaida ni jina moja. Kwa Linux ni majina mawili mbalimbali.

Tatu, njia isiyo na mwanzo. Ukimwambia mgeni, "Nyumba ya tatu kushoto," bila kumwambia aanzie wapi, atapotea. Hali kadhalika njia isiyoanza na mkwaju huhesabiwa kutoka pale programu inapofanyia kazi, na pahali hapo huweza kubadilika.

Nne, mlango kufungwa. Njia ni sahihi, bali seva haina ruhusa ya kusoma faili. Hapo mpe ruhusa ya kusoma tu. Usifungulie watu wote kila kitu.

Mwenye kutafuta kosa asibahatishe. Kwanza aweke nakala ya faili zote. Kisha atazame jibu la seva. Namba 404 maana yake anwani iliyoombwa haikuonekana, 403, imekatazwa, 500, kuna hitilafu ndani ya seva au programu. Kisha asome daftari la makosa la seva. Katika Debian na Ubuntu, daftari la seva ya Apache kwa kawaida ni /var/log/apache2/error.log, na mara nyingi humo huandikwa njia ile ile iliyokosekana. Ailinganishe na mahali faili ilipo hasa, herufi kwa herufi.

Akiisha kusahihisha, aiamuru seva isome mipangilio upya ikiwa ndiyo aliyoibadili, atengeneze faharasa tena, kisha ajaribu kwa neno analojua hakika kuwa limo. Abadili jambo moja kwa wakati mmoja, apate kujua lipi lililoponya.

Basi, enyi wanafunzi mtakaokabidhiwa kazi hizi, msikubali upesi neno la mashine kwamba kitu hakipo. Ulizeni kwanza imetafuta wapi.