Bao Moja Tu

Katika Kombe la Dunia timu nne huwekwa katika kundi moja, na kila timu hucheza na zile tatu nyingine.

Mwaka 1974 nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ilikuwa kundi moja na Yugoslavia, Brazili na Uskoti. Wote watatu waliishinda: 9-0, 3-0, 2-0. Wao kwa wao walitoka sare, basi kila mmoja akapata alama 4. Lakini nafasi zilikuwa mbili tu.

Wakahesabu mabao waliyofunga, wakatoa waliyofungwa. Yugoslavia ilibaki na 9, Brazili 3, Uskoti 2. Uskoti haikushindwa hata mara moja, ila ilirudi kwao.

Watoto, hata mkiwa mnashinda, msilegee.