Mkanda au mnyororo? Uamuzi mzito kwa mwenye pikipiki kisiwani Mafia

Na Mwandishi Wetu, Mafia

WANUNUZI wengi wa pikipiki huanza kwa kutazama rangi ya tangi, ukubwa wa injini na mngurumo wa ekzosi. Ni wachache mno wanaoinama kutazama kile kinachounganisha injini na gurudumu la nyuma. Lakini kwa mkazi wa Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, kifaa hicho ndicho kinachoamua kama chombo kitamfikisha Bweni na kumrudisha Kilindoni siku hiyo hiyo, au kitalala chini ya mnazi kikisubiri spea ivuke bahari.

Suala hilo huwa zito zaidi kwa mtu anayetaka kuachana na pikipiki ya kawaida na kununua kruza, yaani ile pikipiki kubwa yenye kiti cha chini, usukani mpana na tangi lenye umbo la tone la maji. Nyingi kati ya pikipiki hizo huendeshwa kwa mkanda. Zile zilizozoeleka nchini, kama vile Boxer na TVS zinazotumiwa na madereva wa bodaboda, huendeshwa kwa mnyororo, ambao wengi huuita cheni.

Je, kati ya viwili hivyo, kipi kinafaa katika kisiwa chenye mchanga, hewa ya chumvi na maduka machache ya spea?

Kazi ya kifaa hicho

Nguvu ya injini hupita kwanza kwenye giaboksi, kisha hutokea kwenye gurudumu dogo la meno liitwalo sproketi. Kutoka hapo hubebwa na mnyororo hadi kwenye sproketi kubwa iliyofungwa katika gurudumu la nyuma. Katika pikipiki ya mkanda mpangilio ni huo huo, ila badala ya sproketi huwekwa puli mbili zenye meno, na badala ya chuma huzunguka mkanda mpana wa mpira wenye meno upande wa ndani.

Ipo pia njia ya tatu, nayo ni shafti, ambayo hutumiwa na baadhi ya pikipiki kubwa.

Msomaji asichanganye mkanda huu na ule wa skuta. Mkanda wa skuta umefichwa ndani ya boksi karibu na injini na kazi yake ni kubadili mwendo badala ya gia. Mkanda wa kruza uko nje, nao hubeba nguvu moja kwa moja hadi kwenye gurudumu.

Ulikotoka mkanda

Mkanda si jambo geni. Pikipiki nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 ziliendeshwa kwa mikanda ya ngozi, ambayo iliteleza kila mvua iliponyesha. Mnyororo wa vibiringi, uliobuniwa na Hans Renold katika mji wa Manchester, Uingereza, mwaka 1880, ndio uliochukua nafasi hiyo kwa kuwa haukuteleza na ulistahimili nguvu kubwa.

Mkanda ulirejea kwa kishindo mwaka 1980, pale kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani ilipotoa modeli yake ya FXB Sturgis. Safari hii ulikuwa na meno, na ndani ya mpira wake zilipitishwa nyuzi imara za aramidi, jamii ya nyuzi zinazotumika kutengeneza fulana za kuzuia risasi. Katika miaka iliyofuata kampuni hiyo iliueneza kwenye pikipiki zake nyingi, na watengenezaji wengine wa kruza wakafuata mkondo huo.

Sifa zake haziwezi kubezwa. Mkanda hauhitaji oili wala grisi, hivyo hauchafui suruali ya dereva wala kanga ya abiria. Hauna kelele. Hauoti kutu, na hiyo si faida ndogo mahali ambapo upepo wa bahari hula hata mabati ya nyumba. Aidha, katika barabara nzuri mkanda mmoja unaweza kudumu kwa makumi ya maelfu ya kilometa, mara kadhaa zaidi ya mnyororo.

Mchanga na kokoto

Hata hivyo, sifa hizo zote zimejengwa juu ya neno moja: lami.

Mafia inayo barabara ya lami ya takriban kilometa 14 kutoka Kilindoni hadi Utende, eneo lenye hoteli za watalii na malango ya Hifadhi ya Bahari. Nje ya hapo, njia nyingi za vijijini ni za udongo na mchanga. Wakati wa kiangazi mchanga huo huwa mkavu na mwepesi. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hugeuka tope.

Kokoto moja ikinaswa kati ya mkanda na puli inaweza kutoboa mpira na kukata baadhi ya nyuzi za ndani. Mkanda hautakatika papo hapo. Utaendelea kuzunguka kama mzima, huku nyuzi zilizobaki zikibeba mzigo wote, hadi siku dereva atakapovuta mafuta kwa nguvu ukakatika bila taarifa. Mchanga laini nao husaga taratibu uso wa puli, na puli iliyokwaruzika humaliza hata mkanda mpya.

Ushahidi mzuri umetoka kwa kampuni ile ile iliyourejesha mkanda. Mwaka 2021, Harley-Davidson ilipotoa Pan America 1250, pikipiki yake ya safari za barabara mbovu, haikuifunga mkanda. Iliifunga mnyororo.

Spea inayovuka bahari

Kuna tofauti nyingine, ambayo kwa mkazi wa kisiwani huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Mnyororo unaweza kufunguliwa na kuungwa, ilhali mkanda hauungwi.

Mnyororo wa pikipiki ya kawaida ukikatika njiani, dereva mwenye koleo na kiungo kimoja cha akiba anaweza kuuunga chini ya mwembe na kuendelea na safari. Mnyororo wa namba 428, unaotumika kwenye pikipiki nyingi za biashara nchini, hupatikana kwa urahisi, na fundi wa kijijini anaufahamu kama anavyoufahamu wa baiskeli.

Mkanda ni duara moja lisilo na kiungo. Ili kuingiza mpya, katika pikipiki nyingi fundi hulazimika kushusha gurudumu, kisha kufungua mkono wa chuma unaolishika, na wakati mwingine hata kifuniko cha ubavuni mwa injini. Tena kila modeli ina mkanda wake wenye idadi yake ya meno. Wa pikipiki nyingine haufai.

Mkanda huo sharti uagizwe Dar es Salaam au nje ya nchi, kisha usafirishwe kwa ndege au kwa chombo cha majini kutoka Nyamisati, wilayani Kibiti. Hata safarini una masharti: ukikunjwa kwa nguvu au kufungwa kamba kama mzigo wa kawaida, nyuzi zake huvunjika ndani na mnunuzi hupokea kitu kilichokwisha kuharibika.

Mnyororo nao una deni lake

Hayo yote hayamaanishi kuwa mnyororo hauna matatizo. Huota kutu, hulegea na kudai matunzo ya mara kwa mara. Mnyororo uliochakaa unaweza kuruka meno ya sproketi au kukatika, na ukijisokota kwenye gurudumu la nyuma unaweza kulifunga ghafla. Kwa dereva aliyebeba mama na mtoto mgongoni, hilo ni suala la uhai.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuumwagia oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Oili hiyo ina chembe za chuma na hunasa mchanga. Vikichanganyika, hugeuka msasa unaosaga viungo vyote. Njia iliyo bora ni kuusafisha mnyororo kwa mafuta ya taa na brashi, kuufuta hadi ukauke, kisha kuupaka kiasi kidogo cha oili ya giaboksi upande wa ndani na kufuta inayozidi. Petroli isitumike, hasa kwa minyororo yenye ringi za mpira, kwani huziharibu.

Mkazo nao una kipimo chake. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mnyororo unapaswa kucheza juu na chini kwa milimita 20 hadi 30 katikati ya sproketi mbili, ingawa kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Wapo wanaoukaza kupita kiasi wakidhani ndiyo usalama. Pikipiki ikibeba mishikaki, sehemu ya nyuma hushuka na mnyororo huzidi kukazika, hali inayoua beringi za gurudumu na za giaboksi.

Uchakavu hupimwa kwa rula. Katika mnyororo wa 428, umbali wa viungo 20 ukiwa mpya ni milimita 254. Ukifikia milimita 259, umekwisha. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama pezi la papa, seti nzima ibadilishwe, kwa sababu sproketi mbovu huharibu mnyororo mpya kwa muda mfupi.

Uamuzi

Kwa mtu ambaye safari zake ni za lami, kati ya Kilindoni na Utende, na mwenye uwezo wa kuweka mkanda wa akiba nyumbani kabla haujahitajika, kruza ya mkanda inaweza kumtumikia vizuri. Atapata utulivu, usafi na nafuu ya kutopambana na kutu.

Lakini kwa anayekwenda Kirongwe, Baleni au Bweni, na hasa kwa anayetegemea chombo hicho kupata riziki, mnyororo ndio chaguo la busara. Si kwamba ni imara kuliko mkanda. Ubora wake kisiwani ni kwamba unapoharibika, dawa yake ipo karibu. Zipo kruza zinazotoka kiwandani na mnyororo, kama Honda Rebel na Kawasaki Vulcan S, hivyo anayeipenda pikipiki ya aina hiyo halazimiki kuchukua ya mkanda.

Anayenunua pikipiki ya mkanda iliyokwisha kutumika na ainame kabla ya kulipa. Azungushe gurudumu taratibu na kukagua mkanda wote, jino kwa jino. Akiona tundu, nyuzi zilizochomoza pembeni au jino lililong'oka, ajue kuwa bei ya pikipiki hiyo bado haijakamilika: aongeze gharama ya mkanda mpya, ya fundi, na ya siku zote atakazokuwa akienda kwa miguu.