Hirizi ya Kozi

Gatini Homa Bay mwewe walikuwa wakizunguka juu ya wavuvi, wakingoja matumbo ya samaki. Nikamwuliza mzee mmoja: ukiokota ndege aliyefungwa kidude mgongoni, utafanyaje?

"Hiyo si ndege, ndugu yangu. Hiyo ni kazi ya mtu. Naiacha hapo hapo."

Simlaumu. Mwaka 2011 huko Saudi Arabia alikamatwa tumbusi aliyevishwa chombo na Chuo Kikuu cha Tel Aviv, akadhaniwa jasusi!

Chombo chenyewe, msomaji, ni kama hirizi. Kile cha kozi wa Amur, ndege wa gramu 150 hivi, kina gramu 5 tu. Hupata nguvu kwa jua, hupeleka ishara kwa setilaiti, na mtaalamu aliye mbali akajua ndege yuko wapi. Mwaka 2013 kozi watatu walivishwa huko Nagaland, India. Wakaikata Bahari ya Arabu bila kutua, wakashuka Afrika Mashariki. Nasi wa pwani tukidhani kaskazi hutuletea majahazi na tende tu! Hudhud wa Nabii Suleiman, tuliyesoma habari zake chuoni, aliijua habari aliyoileta. Kozi huyu haijui yake.

Lakini si hirizi iliyowaokoa kozi wale. Mwaka 2012 wanavijiji wa Pangti, huko huko Nagaland, waliwanasa kwa nyavu maelfu kwa maelfu, wakawauza nyama. Mwaka uliofuata wakaacha wenyewe, baada ya kuzungumzwa nao.

Huku kwetu, Januari 2024, ng'ambo ya ghuba katika Siaya, alipatikana mwewe mla samaki, hoi kwa njaa. Mguuni alikuwa na pete ya makumbusho ya Helsinki, Finland, karibu kilomita 7,000. Pete haisemi na setilaiti. Husema na aliyeiona tu. Habari zikafika kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, akachukuliwa kutibiwa. Alikufa, naam, lakini Finland walijua alikoishia.

Migori inapakana na Narok, kwenye tumbusi wa Maasai Mara, ambao nao wamevishwa vyombo. Tumbusi hatambui mpaka, na mzoga uliotiwa sumu haumwambii. Ishara yake ikiganda pahali pamoja, hapana budi mtu aende akatazame. Nilimwuliza kijana wa bodaboda mjini Migori kama angekwenda.

"Nitaenda, mzee," akasema. "Mafuta analipa nani?"