Kaneno kadogo, hasara kubwa



Mama mmoja wa chama chetu, muuza vitenge hapa Butembo, alituma avansi Kampala kwa mabalo manane. Siku chache kisha, ujumbe uliingia kwenye simu yake: "Shipment called off." Neno "call" alilijua: kuita, kupiga simu. Akaelewa kwamba watampigia simu mzigo ukifika Kasindi. Akakodi nafasi katika depo, akangojea.

Majuma mawili yakapita bila simu. Kumbe "call off" ni kufuta mpango. Mzigo ulifutwa siku ile ile, na avansi ilikaa kwa muuzaji bila mtu wa kuidai. Alipoidai, alirudishiwa nusu tu. Nusu ile nyingine ilikuwa minervali ya watoto wake wawili.

Mama huyu si mjinga. Shuleni tulifundishwa Kifaransa, nyumbani tunasema Kinande na Kiswahili. Tukivuka mpaka kwenda Mpondwe na Kasese, tunaelewana na Wakonjo, maana Kikonjo na Kinande ni ndugu. Lakini ukifika Kikuubo, Kampala, faktire ni ya Kiingereza. Wenzetu wanaofika Dubai na Guangzhou wanakutana na lugha hiyo hiyo. Na tangu Julai 2022 nchi yetu ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi karatasi hizo tutaendelea kuziona.

Kiswahili kinashona mkia kwenye kitenzi: lipa, lipia, lipiza, maana tatu. Kiingereza kinaacha mkia utembee peke yake nyuma ya kitenzi, na sisi tunauruka tukisoma. Tazameni:

"Pay" ni kulipa, hata sehemu tu. "Pay off" ni kumaliza deni lote. Ukitia sahihi penye "pay off by Friday", wanangojea pesa yote, mwisho Ijumaa.

"Put off" ni kuahirisha: mzigo utakuja siku nyingine. "Call off": hauji tena.

"Sold out": bidhaa zimeisha. "Back out": mtu amejitoa katika mapatano.

"Mark up" ni kupandisha bei, "mark down" ni kuishusha.

Kuna pia misemo. Mtu akisema biashara yake iko "in the red", yaani katika nyekundu, hasemi rangi ya duka. Watunza hesabu waliandika hasara kwa wino mwekundu, anasema anapoteza. Na "break even" haina kitu kilichovunjika: pesa iliyoingia imelingana na iliyotoka. Mnunuzi wa kakao akimwambia mkulima wa Beni kwamba kwa bei hiyo yeye ana-"break even", anadai hapati faida. Pengine ni kweli, pengine ni maneno ya kupunguza bei. Usishtuke, endelea kupatana.

Tufanye nini basi? Kwanza, usijibu "yes" wala "OK" mbele ya kuelewa. Pili, jibu kwa tarakimu: andika idadi ya mabalo, kiasi cha dolari na tarehe, kisha omba muuzaji athibitishe. Tarakimu hazina mkia. Tatu, mbele ya kutuma pesa, onyesha ujumbe kwa mtoto au jirani aliyesoma Uganda. Kuuliza mtoto wako si haya. Haya ni kumrudisha nyumbani kwa kukosa minervali.

Yule mama angali anauza vitenge. Amenunua kaye ndogo, anaitembeza katika kikapu. Kwenye ukurasa wa kwanza ameandika: "Call off: hakuna mzigo, dai pesa leo." Katika mkutano ujao, kila mmoja alete ujumbe mmoja uliomsumbua. Tutausoma pamoja, na kaye zetu zitajaa.